Kaka Yangu na Urahisi wa Bagamoyo

Kaka yangu hakuwahi kununua hata chumvi kwa mkono wake, lakini alijua bei za nchi nzima. Alikuwa karani wa ghala moja bandarini Dar es Salaam. Miaka ile baada ya vita, kila Idi alikuja Bagamoyo kwa lori la abiria, kanzu imepigwa pasi, kikapu kitupu mkononi. Mimi nilikuwa nimeachika, nakaa katika nyumba aliyotuachia baba, nasuka mikeka na kuuza. Kaka alikula kwangu, akatoka kuketi barazani na wanaume wenzake, akaanza kusomesha.

"Dar ghali," alisema. "Dar unanunua hata maji ya kunawa. Dodoma kuku ni kama bure. Tabora asali unapewa ukiomba tu. Na nyinyi hapa, sijui fedha mnafanyia nini. Samaki baharini, nazi mnazini, muhogo shambani. Mnaishi bure kabisa."

Dodoma aliipita mara moja, ndani ya gari la moshi, alipotumwa na tajiri wake kupeleka makaratasi Tabora. Kuku alimnunua dirishani. Mwanamke wa watu alikuwa anakimbia sambamba na gari linaloondoka, akaona heri apate chochote kuliko kurudi na kuku nyumbani. Kaka aliichukua bei ile ya mbio akaifanya bei ya Dodoma nzima. Ile asali ya Tabora alitajiwa tu na abiria mwenzake.

Hakuna aliyembishia. Mtu mwenye saa ya mkononi habishiwi na wavaa misuli. Akiondoka, kikapu kilikuwa kimejaa: samaki wa kukaanga, nazi, ndizi. Vyote nilivinunua kwa fedha ya mikeka. Hakuniuliza vimetoka wapi. Kwake yeye vilitoka Bagamoyo, basi.

Ikatokea lile ghala likauzwa, na mwenye mali mpya akapunguza makarani. Kaka alipewa kiinua mgongo chake akaambiwa kwaheri. Mke wake, wifi yangu, alitaka wabaki Kariakoo walikopanga chumba. Alikuwa anakaanga vitumbua mlangoni kila asubuhi na wateja alikuwa nao. Kaka hakutaka kusikia. Alisema amekwisha piga hesabu; kwa fedha ile Dar wataishi miezi, Bagamoyo wataishi miaka.

Wakateremka kwenye lori siku moja mchana, kaka mbele na mwavuli, wifi nyuma na karai lake kichwani limefungwa kwa khanga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Tumekuja kuzipumzisha fedha."

Wifi alinikumbatia akaninong'oneza, "Mimi nimeletwa, wifi. Sikuja."

Asubuhi iliyofuata kaka alisema atakwenda pwani mwenyewe kununua samaki, atuonyeshe sisi wanawake namna ya kununua. Nilimfuata na kikapu changu, maana nilijua yatakayompata. Siku zile wachuuzi wa baiskeli walikuwa wameshaanza kuja alfajiri na matenga yao, wananunua mnadani samaki wote wazuri na kuwapeleka Dar. Hata Mlingotini, kijiji cha jirani, ilikuwa hivyo hivyo. Nguru mzima wa kula sisi wenyewe tulikuwa tunamwona anavyopakiwa tu.

Kaka aliinua samaki mmoja, changu, kwa mkia akataja bei. Mvuvi alimtazama kwanza viatu, ndipo akamtazama uso.

"Hiyo bei ya mwaka gani, bwana?"

"Mimi mwenyeji hapa," kaka alisema. "Baba yangu kazikwa hapa."

"Mungu amrehemu. Yeye ningemuuzia kwa bei hiyo."

Watu walicheka. Mchuuzi mmoja akaongeza senti zake, akalichukua fungu lote, na yule changu akatolewa mkononi mwa kaka kwa adabu. Mimi nilinunua dagaa, kama siku zote. Mchana kaka alikula akiwatenga dagaa kando kwa kidole, mmoja mmoja, kana kwamba chini yao angemkuta yule changu.

Wiki haijaisha akarudi kutoka matembezini na nazi tatu, uso umemkunjuka. Alizikuta chini ya minazi nje ya mji. Alituambia hayo ndiyo maisha aliyokuwa anayasema. Wifi alikuwa ameshakuna moja tuliposikia hodi. Mzee mmoja alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Bwana karani, nimeambiwa umenisaidia kuokota nazi zangu."

"Zilikuwa zimeanguka, mzee."

"Ndiyo. Zimeangukia kwangu."

Hakupandisha sauti. Alichukua zile mbili, akangoja. Wifi alifungua pindo la khanga akalipa ile iliyokwisha kunwa. Kaka alikuwa ameingia chumbani kutafuta kitu, na hakutoka mpaka mzee alipoondoka.

Kisha masika yakaingia. Barabara ya Dar ikageuka tope na malori yakakwama. Sukari na mafuta ya taa vikapanda, kama kila mwaka. Kaka, asiyekunywa chai bila sukari tele, alikwenda dukani kumweleza mwenye duka bei halali ya Dar es Salaam.

"Sukari hii imetoka Dar," mwenye duka alimjibu. "Imepanda lori, imelala njiani, imelipiwa."

"Lakini ni sukari ile ile."

"Basi kainunue kule kule."

Alirudi akituona sisi ndio tuliomtukana. Nikamuuliza, sukari Dar ni kiasi gani hasa? Akataja bei. Wifi alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, wala hakuinua kichwa.

"Hiyo ilikuwa kabla ya vita," alisema.

"Unasema nini?"

"Nasema bei hiyo ilikwisha kabla ya vita. Wewe ulikuwa unanipa fedha ile ile kila mwezi. Katikati ya mwezi imekwisha, nikawa nanunua kwa fedha ya vitumbua. Sukari ya chai yako, mchele, mpaka sabuni ya kanzu yako. Hukuniuliza."

Kaka alinigeukia mimi, nadhani alitaka nishangae naye. Sikushangaa. Nilikuwa nafikiria kwamba mtu huyu alitulinganishia miji yote hii, na hata mmoja hakuwahi kuulipia. Dar alilipiwa na mkewe, Bagamoyo alilipiwa na mimi. Kilichobaki ni yule kuku wa dirishani, na hata huyo sijui kama fedha haikuwa ya tajiri.

Mtu mwingine angenyamaza. Yeye alisema kosa ni la pwani. Pwani imeharibiwa na wachuuzi, urahisi wa kweli uko bara. Mvua zilipopungua akamchukua wifi wakaenda Miono, na sehemu kubwa ya fedha iliyosalia. Yaliyotokea huko alinisimulia wifi. Mahindi yalikuwa rahisi kweli. Kaka alinunua magunia kwa mwanamke mmoja mkulima, akawa anamcheka mbele ya uso wake kwa bei aliyotaja.

"Nyinyi mna bahati," alimwambia. "Hamjui shida. Chakula kwenu si kitu."

"Kwa wewe unayenunua," yule mama alisema. "Mimi nauza. Nikitaka khanga kama ya mkeo, nitakupa magunia mangapi?"

Wifi aliniambia ni yeye aliyeona haya, akakunja pindo la khanga yake ndani kama mtu aliyevaa kitu cha wizi. Lori lilichelewa kupatikana, mvua ya mwisho ikayakuta magunia nje, na nauli ikawa karibu sawa na bei ya mahindi yenyewe. Yalipofika kwangu yalikuwa yananuka uvundo. Tukayaanika uani, tukachambua, tukala yaliyolika. Kuku wangu, waliokuwa wanalishwa vizuri kuliko wa Dodoma, walikula yaliyobaki.

Baada ya hapo kaka alitangaza kwamba atarudi Dar kutafuta kazi. Wifi alisema yeye harudi. Alisema hivyo akiwa anaosha karai, na kaka alidhani ni hasira za siku moja. Akaondoka peke yake. Wifi akakaa nami, akaanza kukaanga vitumbua barazani, palepale wanaume walipokuwa wanasomeshwa bei za nchi. Wasikilizaji wale wale wakawa wateja.

Kaka alipata kazi ya kuhesabu magunia kwenye duka moja, akapanga tena kile chumba cha Kariakoo. Akampa dereva wa lori fedha ya nauli amletee mkewe. Wifi aliinunulia mchele na mafuta ya kukaangia. Akatuma tena, wifi akanunua ungo mpya. Ndipo akaja mwenyewe. Alikuwa amekonda, na kanzu haikupigwa pasi. Aliketi kwenye kiti cha nje kama mgeni, akaomba tuzungumze upya.

"Nitarudi," wifi alimwambia, "ukienda sokoni wewe. Kila siku. Mimi nitapika."

Alikubali. Sikuamini kwamba wifi ataridhika na hilo, lakini aliridhika, akafunga mizigo yake. Nilikasirika. Nilimwambia anakwenda kuuguza mtu ambaye hajaugua. Alicheka akasema chumba cha Kariakoo anakipenda, na mume, si vibaya akiwa na kazi ya kufanya. Kaka nilimpa mkono tu.

Miezi ile tuliyokaa pamoja wifi alikuwa amenifundisha kuloweka mchele, kuutwanga na kukoroga na tui. Nikaendelea kukaanga vitumbua mwenyewe pale barazani. Wateja walisema vya wifi vilikuwa laini zaidi. Nilijua, lakini bei sikuwapunguzia.