Kanyagio la Oliva

Egidi alipokuwa na miaka saba alilala chini ya cherehani ya mama yake kutwa nzima, akitaka kuona mahali uzi wa juu unapokutana na uzi wa chini. Mama Benigna aliinua mguu akashona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, ili asimkanyage. Jioni mtoto alitoka huko na vumbi masikioni, akasema, "Nimewaona. Wanashikana halafu wanaachiana."

Alikua akawa fundi wa redio pale Msamala, na baadaye fundi wa kompyuta, zilipoanza kuingia Songea pamoja na kampuni za watu binafsi. Moja ya kampuni hizo, ya kununua mahindi, ilimwajiri dada yake Oliva kuwa mpiga chapa. Oliva alikuwa na mkono mmoja wenye nguvu. Wa kushoto ulisinyaa kwa polio angali mdogo. Egidi akang'oa kanyagio la cherehani ile ile, ambayo sasa ilikuwa imekufa, akalifungia vipande viwili vya shaba, akalichomeka nyuma ya kompyuta, akaandika programu ya kulisoma. Mkono wa Oliva ukapiga herufi, mguu ukaweka nafasi kati ya maneno. Hakuna aliyemshinda kwa kasi ofisini.

Mwaka 1999 ofisi ikapata kompyuta mpya zenye mfumo mpya, na mfumo huo ukalikataa kanyagio. Zamani programu yoyote iliweza kugusa waya wa nyuma ilivyotaka. Sasa ilibidi kuwe na draiva, programu ndogo inayokaa mlangoni mwa mfumo na kuueleza kifaa kinasema nini. Bila draiva, mguu wa Oliva ulikuwa unakanyaga hewa.

Meneja, Bwana Goodluck, aliyehamia kutoka Moshi, hakuwa mtu mbaya. "Dada Oliva, Jumatatu mashine za zamani zinaondoka," alisema. "Kama hicho kidude hakifanyi kazi, utakaa mapokezi. Mshahara ni ule ule."

"Mapokezi nifanye nini?"

"Ukaribishe wageni."

"Wageni wanakaribishwa hata na mlango ulio wazi," Oliva akajibu. "Mimi ni mpiga chapa."

Kwa miezi mitatu Egidi alikuwa amesoma kitabu kinene cha Kiingereza kilicholetwa na basi kutoka Dar es Salaam, huku kamusi ikiwa mkono wa pili. Kila saa za kazi zilipokwisha, Goodluck alimwachia kompyuta moja mpya. Draiva ya kwanza ilikwamisha mashine nzima. Ya nne ikakubaliwa. Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo Oliva akaketi, akakanyaga mara moja kila baada ya neno. Kwenye kioo maneno yakasimama mbalimbali, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mguu mmoja, nafasi tatu. Wakati mwingine nne.

"Umekanyaga mara ngapi?"

"Moja, kaka. Au mguu nao umeanza kusema uongo?"

Egidi aliijua sababu, ila nusu tu. Shaba ikigusa shaba haitulii papo hapo. Hurukaruka kidogo, kama mpira unaodondoka, kwa kitambo ambacho jicho halikioni. Ndiyo maana tangu zamani aliiagiza kompyuta: ukihisi mguso, hesabu kwanza hadi elfu thelathini, ndipo uangalie tena. Agizo hilo alilihamisha kwenye draiva mpya neno kwa neno. Hesabu ile ile, kanyagio lile lile. Kwa nini hapa lirukeruke?

Jumamosi asubuhi alilibeba swali lake hadi jikoni kwa mama. Mama Benigna alikuwa anachemsha mayai ya kumpelekea jirani mgonjwa. Saa hakuwa nayo. Mayai aliyapimia rozari, kama mama yake alivyoyapimia.

"Yaangalie haya," alisema akichukua ndoo. "Makumi matatu ya Salamu Maria, halafu epua."

Egidi akasali makumi matatu, akaepua. Mama aliporudi akagonga yai moja, ute ukamtiririkia vidoleni.

"Egidi! Umesali au umekimbia?"

"Nimesali yote, mama. Makumi matatu, sikuruka hata moja."

"Basi Mungu amesikia. Yai halijasikia."

Oliva, aliyekuwa mlangoni akichambua mchele, aliangua kicheko. Egidi hakucheka. Alilitazama lile yai bichi kama alivyozitazama nyuzi zamani.

"Mama, wewe ungesali hayo, ningekunywa chai nikamaliza kabla hujafika mwisho."

"Mimi nasali. Wewe unamkimbiza Bikira Maria."

"Idadi ni ile ile," akasema taratibu, "ila anayehesabu ana haraka." Akamgeukia dada yake. "Kompyuta ya zamani ilihesabu kama mama. Hii mpya inahesabu kama mimi. Inamaliza elfu thelathini shaba bado inaruka!"

"Kwa hiyo uiambie ihesabu zaidi?"

"Halafu mwakani waje na yenye haraka zaidi? Hapana. Isihesabu kabisa. Iangalie saa."

Ndani ya mfumo mpya kulikuwa na saa, na kitabu kilieleza namna ya kuiuliza. Alasiri hiyo alikwenda ofisini akafuta hesabu, akaiagiza draiva ingoje kwa kuangalia saa.

Jumatatu Goodluck alisimama nyuma ya kiti cha Oliva, akamsomea barua kwa sauti. Mkono ukaenda, mguu ukaenda. Karatasi ilipotoka kwenye printa aliipandisha hadi machoni, akapitisha kidole chini ya kila mstari.

"Nafasi moja moja," akasema. "Haya. Mapokezi nitatafuta mtu mwingine." Kisha akainama. "Fundi, bado unafanya nini huko?"

Egidi alikuwa amelala chini ya meza, shavu sakafuni, akizitazama shaba mbili zikikutana.

"Toka bwana, unanitia aibu," Oliva akasema, huku ameinua mguu ili asimkanyage.