Mwambie Kisanduku

Mama Pasi hakuwa mtu wa kubembeleza watu. Tangu usichana wake alisimama kwenye meza ya pasi katika duka la dobi, mpaka magoti yalipomkatalia, na jina lake alilipatia huko huko. Ukimpelekea shati lenye kola chafu alikuambia uso kwa uso, na ukinuna shauri yako. Meneja mwenyewe aliambiwa mara ngapi sijui kwamba suruali zake anazitundika kama mtu anayezichukia. Sasa mtu wa namna hiyo alistaafu, akapumzika kidogo, akachoka kupumzika, akaenda kujiandikisha darasa la kuchora.

Bintiye alicheka mpaka akashika ukuta. "Kuchora, mama? Utachora nini?"

"Vitu," akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hakumwambia sababu, ila mimi nitakuambia. Alipokuwa mtoto shuleni aliitwa mbele achore ng'ombe ubaoni. Akamchora kwa moyo wote, na pembe, na mkia. Mwalimu akawageukia wenzake akauliza, "Haya, huyu ni ng'ombe au ni gunia la mkaa?" Darasa likaangua kicheko. Mtoto akaweka chaki chini, na hakuchora tena hata mstari. Katika miaka yote ile ya mvuke na mashati alibeba tamaa moja tu: achore kitu, kibandikwe ukutani, watu wapite wakitazame, na asitokee hata mmoja wa kuuliza hiki ni nini. Basi. Hakutaka sifa nyingine.

Darasa lilikuwa Jumamosi alasiri, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi zilikuwa nyembamba, na kwa ajili ya yale magoti bintiye alimtuma mumewe amsindikize mama. Mkwe huyo alikuwa fundi umeme, mrefu, mpole, mtu wa kuinama mlangoni hata pale mlango unapomtosha. Nia yake ilikuwa amfikishe mama mkwe kitini halafu akae pembeni na simu yake. Lakini mwalimu, dada mwembamba mwenye rangi kwenye kucha na sauti kubwa kuliko mwili, akamtupia penseli.

"Hapa hatuna watazamaji, kaka. Kaa na mama hapo. Ninyi ni wawili wa pamoja."

Basi, hapo ndipo balaa lilipoanza.

Utaratibu wa pale ulikuwa hivi. Unachora, kisha unampa mwenzako karatasi, naye anakuambia kilichosimama na kilichoanguka. Wewe unafunga mdomo na kusikiliza. Mwalimu alisema mapema kwamba yeye ana macho mawili na wanafunzi wamejaa chumba, kwa hiyo jicho la kulitegemea ni la mwenzako. Mwisho wa muhula angebandika ukutani michoro iliyosimama tu, na waliobandikwa ndio wangeingia darasa la kuchora sura za watu. Mingine ingerudi nyumbani na wenyewe.

Walianza na kisanduku cha mbao kilichowekwa juu ya stuli. Mkwe akaipokea karatasi ya mama mkwe kwa mikono miwili, akaitazama, akakohoa.

"Kilichosimama ni chote, mama. Kilichoanguka sijakiona."

"Ahsante, baba."

Ikafika zamu yake. Kisanduku cha mkwe kilikuwa kimeegemea upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Mama Pasi alikiona. Ulimi ukamwasha. Lakini mkwe ni mkwe, jamani, utaanzia wapi?

"Kizuri, baba. Umejitahidi."

Wiki iliyofuata wakachora kopo, wakasifiana. Ikaja zamu ya birika, wakasifiana tena. Meza ya pili walikaa vinyozi wawili, marafiki wa siku nyingi, ambao hawakuoneana huruma hata kidogo. "We, hiki kikombe kimekanyagwa na nani?" "Na hilo kopo lako je, limevimba mashavu!" Walitukanana mpaka machozi yakawatoka kwa kicheko, na michoro yao ikazidi kunyooka. Mama Pasi akawa anawatazama kwa jicho la pembeni, hajui kwa nini anawaonea wivu.

Jumamosi moja mwalimu akasimama nyuma ya kiti chake. "Mama, hii haipandi ukutani," akasema. "Kosa la siku ya kwanza bado lipo. Mwenzako hajakuambia?"

Chumba kizima kikageuka. Mkwe akainamisha kichwa kama mtu aliyekatiwa waya. Mama Pasi akasikia masikio yanawaka, vile vile kama siku ya ng'ombe.

Mama Pasi akashuka mpaka nusu ya ngazi. Hapo akasimama, mkono ukutani.

"Uliliona hilo kosa?"

"Nililiona, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Ukaninyamazia! Unaniona natembea na sketi imechanika nyuma, unaniambia nimependeza!"

"Mama, nitakuambiaje umekosea? Mimi nimeoa kwako."

Hasira zilimpanda, ukweli usemwe. Aliteremka ngazi zilizobaki bila kushikwa mkono, magoti yakimlaani. Lakini usiku ule hasira zilipopoa akakumbuka mlevi wake yule, kisanduku kilichoegemea, na maneno yake mwenyewe: kizuri, baba, umejitahidi. Kumbe na yeye! Walikuwa wanadanganyana kwa adabu, na adabu hiyo ingempeleka tena kwenye gunia la mkaa.

Kesho yake mkwe alipokuja kumjulia hali, alikuta meza imesafishwa, sanduku la viatu limewekwa katikati, na mchoro umeegemezwa kwenye chupa ya maji. Mama Pasi alikuwa amekigeuza kiti chake, amempa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi leo simo humu ndani. Usizungumze na mimi. Kilichoanguka mwambie kisanduku."

Mkwe akakitazama kiti, akakitazama kisanduku. Akakohoa. "Samahani, kisanduku..."

"Usimwombe radhi, huyo si mkweo!"

Mkwe akacheka kidogo, kwa woga. Akajaribu tena. "Wewe kisanduku, huo upande wako wa mbali, nadhani, kwa mtazamo wangu..."

"Mwambie!"

"Wewe kisanduku umepigwa pasi!" Likamtoka. Na lilipotoka moja, mengine yakafuata yakikimbizana. "Umelala bapa kama shati! Pande zako zote umezifanya sawa kwa sababu unajua ni sawa. Lakini ulitazamwa? Upande wa mbali unaonekana mfupi, wewe unautandaza mpaka kona! Na mwenzio birika, mdomo wake wa juu ni duara la sarafu, wakati kwa ubavuni unaonekana bapa kama yai lililolala. Nani kawaambia mjinyooshe hivyo?"

Mkwe akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega ya Mama Pasi yakaanza kutikisika, na fundi wa watu akajua amemliza mama mkwe, ndoa imekwisha. Aliposogea akakuta mama anacheka mpaka mtandio umemdondoka.

"Kimepigwa pasi!" akasema akijifuta macho. "Wallahi ni kweli. Miaka yote mikono hii inalaza vitu, itasimamisha sanduku lini? Lete na wako sasa. Wahenga walisema nyani haoni..." Akakumbuka anaongea na nani, akalimeza neno la mwisho. "Haoni mgongo wake."

Mkwe akaleta mchoro wake wa kikombe, na mama akakigeukia. Jamani, kile kikombe kilisomewa. Kiliambiwa mkono wake umeota begani, kiliulizwa kinaelekea wapi na nani kakitimua. Mkwe alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, yeye na urefu wake.

Tangu siku ile jioni zote zilikuwa za kusemezana na vyombo. Bintiye akipita na sinia anamkuta mumewe anagombana na birika, anatikisa kichwa, anapita. Mama Pasi alijifunza kufumba jicho moja, kunyoosha mkono na kupima kwa penseli, na kukubali kilichopo hata kama akili inakataa. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka, akachukua nyingine. Siku mdomo wa birika ulipolala kama yai, alipiga meza kwa kofi, kijiko kikaruka.

Siku ya ukuta ikafika. Mwalimu alitaka wawili wawili wasimame mbele, na mwenzako atoe neno lake kwanza, kabla yeye hajashika pini. Kikaanza kikombe cha mkwe. Mama Pasi akakiendea karibu, watu wakingoja sifa za mama mkwe.

"Wewe kikombe," akasema, "umesimama, nakupa haki yako. Lakini mkono wako bado umeota begani. Rudi nyumbani ukaanze upya."

Vinyozi wakapiga mluzi. Mwalimu akakitazama kikombe, akaafiki kwa kichwa, akamrudishia mwenyewe. Mkwe akakipokea akicheka. "Nimesikia," akasema, "nitarudia muhula ujao."

Kisha mkwe akaligeukia birika la mama. Mama Pasi akafunga mdomo kama sheria inavyotaka. Huyu mtu ametoka kuangushwa sasa hivi na yeye mwenyewe. Akimlipa, ana haki.

"Wewe birika," mkwe akaanza. Akainama, akatazama mkono, akatazama kifuniko, akasogea, akarudi nyuma. Alikawia. "Nimekutafuta kosa tangu jana usiku. Leo asubuhi nimekutafuta tena. Mdomo upo, tumbo lipo, kitako kimekaa mezani." Akasimama wima, kwa mara ya kwanza bila kuinama. "Sina neno."

Lilikuwa neno lile lile la Jumamosi ya kwanza, sijakiona kilichoanguka, lakini safari hii Mama Pasi alijua uzito wake, akalipokea lote. Machozi yakamtoka na hakuyaficha. Mwalimu akachukua pini nne, akalibandika birika katikati ya ukuta, mahali pa macho.

Ndipo akaingia mwenye duka la chini, aliyekuja kuuliza kelele ni za nini. Akapita kwenye ukuta, mikono nyuma, mchoro kwa mchoro. Akafika katikati. Akasimama.

"Hili birika," mwenye duka akauliza, "kalichora nani?"

Mama Pasi akanyoosha mkono juu kabisa, kama mtoto wa shule anayejua jibu.

"Mimi!" akasema, na chumba kizima kikamsikia.