Mistari Miwili ya Mdogo Wangu

Baba aliamini vipimo kuliko watu. Alipokubali mdogo wangu arudi nyumbani Levolosi kutoka soba, ile nyumba ya kuachia dawa kule Kisongo, aliweka sharti moja: apimwe mkojo mbele yetu, na ikionekana tramadol, vile vidonge vya maumivu vinavyolevya, asilale pale tena.

Vidonge hivyo alivianzia kwenye gereji moja Maji ya Chai. Alisema vinamtuliza mgongo. Baadaye vikaondoa kazi, vikaondoa na redio ya sebuleni. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua: safari hii hatarudi mtaani, hata nigombane na nani.

Baada ya sala ya adhuhuri baba alileta vipimo kutoka duka la dawa, vijiti vyembamba kwenye pakiti yenye maandishi ya Kichina matupu. Mdogo wangu akaingia chooni na kikombe, baba kasimama mlangoni kama askari magereza. Kijiti kikachovywa, kikalazwa mezani juu ya gazeti. Ukatokea mstari mwekundu, kisha wa pili.

Mama akashika kichwa. Nyumba nzima ilijua mistari miwili maana yake nini. Miwili ni malaria. Miwili ndiyo ilinitangaza nina mimba kabla sijafungua mdomo.

"Chukua begi lako," baba akasema.

"Wallahi baba, sijagusa kitu."

"Kipimo kimesema."

Mdogo wangu akainuka akafuate begi lake. Hapo ndipo hasira iliponipanda, kumwona anavyoinuka kama mtu aliyezoea kufukuzwa. Nikachomoa kijiti kingine.

"Unaenda wapi na hicho?" baba akauliza.

"Chooni."

Niliporudi nikakiweka changu kando ya chake. Tukakitazama. Mstari wa kwanza. Wa pili.

"Haya baba, na mimi nichukue begi?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sitanii. Mimi hata Panadol nameza kwa kubembelezwa. Ama wote tunakula tramadol, ama kitu hiki kinasomwa kinyume."

Nikampigia simu muuza dawa. Akacheka, akasema kwa kipimo hiki miwili ni usafi, mmoja ndiyo balaa. Baba alimsikia, ila muuza dawa naye ni mtu tu. Akachukua kijiti, akajifungia chooni. Alikaa sana, maana mkojo wa mzee hauji kwa amri. Alipotoka alikuwa na mistari miwili mkononi, na uso umemshuka.

Mdogo wangu alikuwa ameshafika getini, anahangaika na zipu ya begi. Baba alimfuata. Hakumwomba samahani; neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Alimpokea begi, kama tunavyompokea mgeni mzigo, akalibeba mwenyewe hadi chumbani, kijiti chake bado kiko mkononi.