Upande wa Pili wa Sinia

Kazi yangu ni kuchora nyumba za watu watakaoishi kwenye sayari ya Mirihi. Nachora jiko na mahali pa kulia tu, kwa kuwa wenzangu walio ng'ambo wamejigawia yale wanayoona ya maana zaidi: mitambo ya hewa, kuta, mlango wa kutokea. Baba alipofariki nilihamia nyumbani Bagamoyo na kompyuta yangu, nikae na mama mpaka amalize eda. Yeye chumbani kwake hatoki nje, mimi chumba cha pili nawachorea nyumba watu wasioweza kutoka nje. Sikuona ajabu. Kazi ni kazi.

Mama aliniuliza mara moja tu ninachofanya. Nikamweleza kwamba huko nje hakuna hewa, mtu akishaingia ndani ndiyo kaingia.

"Na hao wamekosa nini hata wapelekwe huko?"

"Wanakwenda kwa hiari yao, mama."

"Ala! Basi wachoree vizuri."

Tatizo likawa kula. Kila mlo mama alikula nusu. Sahani aliikataa siku ya kwanza, eti sahani ni ya mgonjwa, kwa hiyo nilimpakulia katika lile sinia dogo lao, yeye na baba. Nikipakua kingi, anaacha nusu. Nikipunguza, anaacha nusu. Nguo zikaanza kumpwaya, nami nikaogopa, maana nilikuwa nimetoka kumzika mzazi mmoja.

Nikaifuata elimu yangu. Katika kazi yetu inajulikana kwamba watu waliofungiwa mahali pamoja huchoshwa na chakula kilekile mpaka wakaacha kula, na dawa yake ni kuwabadilishia. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali: leo wali wa nazi, kesho pilau, keshokutwa biriani iliyoniunguza vidole. Mama alisifu kila pishi, adabu anayo, na kila pishi likarudi nusu. Niliudhika. Sina subira na mtu anayesifu chakula asichokimaliza.

Siku moja nikampelekea wali na changu wa kukaanga. Samaki nilimlaza upande wa mama kabisa, apate kumfikia bila taabu. Niliporudi kutoa vyombo, samaki alikuwa ng'ambo ya sinia, mzima, hakuguswa hata pezi. Wali wa upande wa mama ulikuwa umekwisha mpaka katikati, na pale katikati umenyooka kama uliokatwa kwa rula. Mimi mchoraji, na mstari ule nilikuwa nauosha kila siku.

"Mama, samaki huyu ana nini?"

"Hana kitu."

"Mbona hukumla?"

"Nimekula kwangu," akasema. "Huko ni kwa baba yako. Hali samaki mpaka nimsogezee."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayemzungumzia mtu aliyekwenda msikitini na bado hajarudi.

Baadaye nilizifuta zile meza ndogo za kukunjwa nilizokuwa nimechora, kila mtu na yake, uso ukutani, nikachora moja ya duara. Wenzangu wakalalamika juu ya uzito wa kuibeba mpaka huko. Niliwajibu kwa ukali kuliko ilivyostahili, na hatujakubaliana hadi leo.

Lakini mchana ule Mirihi haikunijia kichwani. Nilikaa mkekani, upande wa pili wa sinia. Mama akanitazama. Nilidhani atanifukuza, na kama angenifukuza ningeondoka.

"Nawa kwanza," akasema.

Nilipotoka kunawa, nilikuta samaki ameshapasuliwa vipande viwili, kikubwa kimesogezwa kwangu. Tukala. Mama alikuwa akilia huku anatafuna, nami sikuacha kula, kwani ningeacha, naye angeacha.