Hodi ya Tatu

Jirani ameipiga nta nyekundu sakafu ya nyumba ya marehemu bibi hapa Baleni, akanipa ufunguo. Harufu hiyohiyo ya nta ilijaa nyumba ndogo aliyokaa zamani kiongozi wa nchi. Nilikuwa mtoto, mimi na bibi tulivuka bahari kwenda kuitazama.

Bibi alivua kandambili mlangoni, akapiga hodi mara tatu.

“Ingia tu, bibi, hamna mtu,” alisema mtembeza wageni.

“Sasa nitaingiaje, mwanangu, na hodi tatu hazikuitikiwa?”

Tukageuka, miguu imetuvimba kwa safari, hata kitanda cha kiongozi hatukukiona. Nilimnunia bibi mpaka bandarini kwetu, Kilindoni.

Leo, mlangoni kwa bibi, nimevua viatu, nimepiga hodi ya tatu. Ufunguo ninao mkononi. Navaa viatu.