Vichuguu vya Shangazi Teopista

"Shangazi, ni kweli ulikataa shamba kwa sababu ya wadudu?"

Nilikuwa na miaka saba nilipomuuliza hivyo Teopista, dada wa baba, mbele ya wageni. Watu walicheka. Yeye alinisukumia sahani ya muhogo tu, nikae kimya. Sasa niko sekondari Tororo, na nikisema natoka Masaba naulizwa kama namjua yule mama wa msitu. Najibu kwamba ni shangazi yangu, tena kwa sauti.

Msitu ulikuwa ndani ya shamba la Bwana Osborn, mzungu wa kahawa. Hakuukata, na kila mvua zilipoanza aliwafungulia wanawake geti wakanase kumbikumbi. Kwetu kichuguu kina mwenyewe: mama humwachia binti, na jirani hagusi bila ruhusa. Cha shangazi alikirithi kwa bibi, kirefu kuliko nyumba yetu.

Baada ya uhuru Osborn aliondoka, na halmashauri ikaamua shamba lote ligawanywe, watu walime pamba. Trekta lilipofika msituni lilimkuta shangazi ameketi juu ya kichuguu, anamenya njugu.

"Mama, shuka," dereva akasema.

"Hii ya mama yangu. Ile ya Among. Ile pale ya Abbo. Wewe umeomba nani?"

"Nimetumwa na halmashauri."

"Basi halmashauri ije ikae hapa na mimi. Njugu iko."

Dereva akazima injini, akaomba njugu. Kesho yake Among, Abbo na wenzao nao walipanda vichuguu vyao. Baba alikwenda kumbembeleza.

"Dada, unatuaibisha. Watakunyima shamba."

"Wanyime. Lima wewe, si unapenda jembe?"

Mwishowe afisa alikuja na uamuzi: msitu utakuwa hifadhi, hakuna kukata mti wala kuwinda, kumbikumbi ruhusa. Lakini kila mmoja achague: atakayebaki juu ya kichuguu chake abaki nacho, ila hapati shamba. Abbo alishuka, alikuwa na watoto wengi wa kulisha. Shangazi hakushuka. Walimfanya mlinzi wa msitu, wakampa filimbi na koti la kazi, koti la mwanamume, linamfika magotini. Analo mpaka leo.

Likizo iliyopita tulikuwa tunanasa kumbikumbi pamoja, nikamuuliza tena.

"Ndiyo, kwa sababu ya wadudu," alisema, akitafuna mmoja mbichi. "Shamba ningewaachia nyinyi mgombanie mipaka. Hii nani atagawa?"