Mswaki wa Kaya

Mpaka leo nikiukumbuka mswaki ule hasira zinanipanda. Ulikuwa mwekundu, wa plastiki, na ulikuwa wa watu saba.

Tulikuwa tumehama Tlawi, kule milimani, tukashuka kwenye tambarare ya Hanang, kwa sababu baba alipata kazi ya kuendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Huko juu tulikunywa maji ya chemchemi. Huku chini tulikunywa ya kisima, na maji yale yana kitu kinachotia meno rangi ya kahawia tangu yakiwa bado ndani ya fizi. Kitinda mimba wetu, aliyeshuka akiwa mgongoni kwa mama, aliota meno ya namna hiyo. Ungeyasugua hata kwa msasa, yasingebadilika.

Nenda kamwambie hivyo mwalimu wetu! Alitoka mkoa mwingine, na kwenye ukaguzi wa usafi mstarini alikuwa na neno moja tu: uchafu. Watoto wa wafugaji walikuja shuleni na vijiti vya mti mdomoni, kila mmoja na chake, wakivitafuna njia nzima na kuvitupa vikichakaa. Fizi zao zilikuwa nzima kabisa. Mwalimu akavipiga marufuku. Ushamba, alisema. Asiyetaka fimbo atumie mswaki wa dukani.

Dukani kwenyewe kulikuwa na nini? Miaka ile ya uhaba kila kitu kiligawiwa kwa kaya: kaya moja mche mmoja wa sabuni, kaya moja mswaki mmoja. Mtu mzima mwenye akili zake alikaa mahali akaamua kwamba mdomo nao ni mali ya kaya. Na sisi, kwa ujinga wetu, tukashukuru.

Tukaupangia foleni kwa heshima zote. Baba kwanza, kisha mama, kisha mimi kifungua mimba, tukashuka hivyo hadi kwa yule kitinda mimba, ambaye sasa alikuwa na miaka minane. Hakuna aliyeusuuza, tuliukung'uta tu, tukaurudisha kwenye kopo lenye maji yaliyotuama. Mtoto yule aliupokea umelowa mate ya watu sita. Mchuma janga hula na wa kwao.

Fizi zake zikavimba. Mama akasema hasugui vizuri, akamwongezea zamu ya jioni, kwa mswaki uleule. Meno mawili ya mbele yakaanza kucheza, usaha ukatoka, shavu likajaa. Ndipo mama na mimi tukampeleka zahanati.

"Shikamoo, mganga," nikasalimia.

"Marahaba." Alikuwa mwanamke mtu mzima. Alimtazama mtoto mdomoni, akamuuliza mama, "Anatumia mswaki wa nani?"

"Wetu," mama akajibu.

"Wenu wangapi?"

Mama akasema saba. Mganga akaweka kalamu chini.

"Mama, hata ng'ombe mgonjwa humtengi na wazima? Damu na usaha wa mmoja vinabaki kwenye zile nyuzi, mwingine anakuja kujipaka kwenye fizi. Nyumbani nani alianza kutoka damu?"

Mama hakujua. Akanigeukia mimi.

Mimi nilikuwa natoka damu tangu wiki ya kwanza ya mswaki ule. Niliimeza kila asubuhi, kwa sababu ningesema ningeondolewa kwenye foleni, na fimbo za mwalimu niliziogopa kuliko kitu chochote. Mwalimu nina hasira naye. Aliyepanga ule mgao nina hasira naye. Lakini aliyejua, nyumba nzima, nilikuwa mimi peke yangu.

"Sijui," nikasema.

Mganga akachukua koleo. Meno yale hayawezi kupona, alisema, na hayataota mengine. Mdogo wangu akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akafungua mdomo, akaniangalia mimi mpaka yote mawili yakatoka.